Kicheko na Deni la Mabati



Ndugu msomaji, leo nataka unisikilize kwa jambo ambalo pengine hukutazamia kulisikia kwa mwalimu wa chuo. Nataka nikusimulie habari za michezo ya kuchekesha, ile ya sinema na ya televisheni, tena si ile mizuri iliyosifiwa na wajuzi, bali ile dhaifu, iliyotengenezwa haraka haraka, ambayo kesho ukiulizwa kisa chake kilikuwa nini huwezi kujibu. Najua wako watakaosema, "Sheikh naye amezeeka." Ni kweli nimezeeka, umri wangu umeshavuka miaka 65. Lakini habari hii yahusu mimi na ndugu yangu wa tumbo moja, na ndani yake mna deni, na nimeona bora niiandike kwa mkono wangu kuliko wanangu waje waisikie kwa watu.

Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, pale penye barabara zinazoitwa kwa nambari. Mwaka 1987 niliitwa Arusha kufundisha watoto Qur'ani, na tangu siku hiyo makazi yangu ni Sekei, juu kidogo ya barabara kuu iendayo Moshi, chini ya Mlima Meru. Wewe uliyeko pwani huijui baridi ya huku. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hushuka mlimani ukakaa juu ya migomba mpaka mchana, na mtu huvaa sweta juu ya kanzu na bado akatetemeka. Majirani zetu wengi ni Wameru na Waarusha, na wengi wao ni Wakristo, na tumeishi nao kwa wema. Nimelitaja hili kwa kuwa litanifaa mbele.

Marehemu baba yetu alikuwa mtu mkali, hakupenda upuuzi. Hata hivyo alikuwa na kisa kimoja cha sinema alichokuwa akikisimulia kila mwaka, na kila mwaka akikicheka upya. Katika miaka ya hamsini, kabla hatujazaliwa, alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge, na gari la sinema la serikali likaja, kikatundikwa kitambaa cheupe, ikaonyeshwa filamu ya Muhogo Mchungu. Ni habari ya mtu wa shamba aliyeingia mjini, na mjini wakamfanya walivyotaka. Mmoja wa waigizaji wake alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wetu mwaka 1962. Baba akimsikia Kawawa akihutubu katika redio husema, "Huyu mimi namjua, alinichekesha shambani." Sisi watoto tulidhani anatania. Nilipokuwa mkubwa nikapata hakika kwamba ni kweli. Filamu zile, wanasema walioziona, hazikuwa za ustadi mkubwa. Zilifanywa ili watu wa kawaida wacheke na wapate onyo kidogo. Lakini baba yangu alibaki nayo moyoni miaka arubaini.

Ndugu yangu alinizidi miaka sita. Yeye na mapenzi ya sinema walizaliwa pamoja. Chuoni alikuwa mzito, juzuu ya kwanza ilimchukua muda, lakini majina ya waigizaji wa Kihindi aliyahifadhi kama mtu anayehifadhi nasaba ya ukoo wake. Mwaka 1970, mimi nikiwa na miaka kumi, alinichukua kwa siri jioni moja tukaenda Majestic, badala ya kwenda darasa la baada ya magharibi. Tukakaa mbele kabisa, shingo zikatuuma. Jina la filamu nimelisahau, na kisa chake nimekisahau, nadhani hakikuwa na kichwa wala miguu. Ninachokumbuka ni mtu mwembamba mwenye masharubu membamba, akijifanya mlevi, akizungumza na nguzo ya taa kana kwamba ni mkwewe. Ukumbi mzima ulilipuka. Ndugu yangu alicheka mpaka akanishika bega asianguke. Mtu yule ni Johnny Walker, na nilikuja kusoma baadaye kwamba jina lake hasa ni Badruddin, Muislamu, aliyekuwa kondakta wa basi mjini Bombay kabla ya kuingia katika sinema. Na mwenyewe alisema kuwa pombe hakupata kuionja maisha yake yote. Jina la pombe alipewa, na ulevi aliuigiza, lakini nafsi yake ilikuwa safi nao.

Hayo sisi hatukuyajua, wala mwalimu wetu hakuyajua. Asubuhi ya pili habari ilikwisha fika chuoni, maana Tanga ya siku zile haikuwa na siri. Mwalimu akatuita mbele. Akauliza nani aliyemchukua mwenzake kwenda kutazama walevi. Mimi nilinyamaza. Ndugu yangu, ambaye angeweza kusema kuwa nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, na ni kweli nilikwenda kwa miguu yangu na kwa furaha kubwa, alisema, "Mimi nilimvuta, maalim. Yeye hakutaka." Akachapwa viboko vyake na vyangu. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akitembea kwa kuchechemea, na alipoona nalia akaanza kuigiza mlevi yule, akauegemea mnazi wa watu na kuuamkia shikamoo. Nikacheka na kamasi zinanitoka.

Naomba ulishike hilo, msomaji, nitalirudia.

Yeye hakumaliza chuo. Aliingia baharini, akafanya kazi melini, na mimi nikaendelea na masomo. Ilipofika mwaka 1984 nyumba ya baba ilikuwa bado ya makuti, na makuti yenyewe yameoza. Walioishi wakati ule wanakumbuka hali ilivyokuwa. Vitu vilikuwa adimu, sabuni kwa foleni, bati lilikuwa kama dhahabu. Mpaka wetu na Kenya, uliofungwa tangu 1977, ulikuwa umefunguliwa mwishoni mwa 1983, na vitu vikaanza kupita. Ndugu yangu akanunua mabati 24 Mombasa kwa mshahara wake wa bahari, yakaja kwa jahazi. Usiku tukayabeba kutoka pwani kwa mkokoteni, yeye mbele na mimi nyuma, na kila mkokoteni ukiruka shimo mabati yalipiga kelele mtaa mzima ukaamka. Kiganja changu cha kulia kina kovu mpaka leo la ukingo wa bati mojawapo.

Baba alifariki mwaka 1998. Tulikuwa warithi watatu, sisi wanaume wawili na dada yetu, na mali yenyewe ilikuwa nyumba ile. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye elimu, niliachiwa kuigawa. Mafungu matano: mawili yangu, mawili yake, moja la dada. Hesabu nyepesi, mtoto wa chuo angeifanya. Ndugu yangu akasema, "Kabla ya mafungu, kuna mabati yangu. Baba aliniahidi kunirudishia." Mimi nikamwuliza, mbele ya wazee, "Una hati? Una shahidi?"

Hakuwa na hati. Baba na mwana huandikiana hati za mabati? Akanitazama muda mrefu, wala hakusema neno. Akavaa viatu vyake akatoka. Na ilipita miaka kumi na minne hatukukaa katika chumba kimoja. Tukikutana mazishini tulipeana mikono kama watu wa mbali.

Sasa nirudi Sekei. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya sabini, lakini huku bara haikuwako mpaka 1994. Kanda za video nazo zilikuwako, na baada ya kanda zikaja sidii, na hapo ndipo michezo ya kuchekesha ya kwetu wenyewe ilipoingia majumbani kama mafuriko. Ilikuwa ikipigwa kwa kamera ndogo, katika nyumba ya mtu, makochi yale yale katika kila mchezo. Sauti inapotea, kivuli cha mpiga picha kinaonekana ukutani, na jogoo wa jirani anawika katikati ya maneno. Mfalme wa michezo hiyo alikuwa King Majuto, ambaye jina lake ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1948 na kuanza kuigiza tangu utotoni. Mashaallah, mtu yule alijaaliwa uso. Akinyamaza tu watu hucheka. Lakini michezo mingi aliyotiwa ndani yake ilikuwa dhaifu, na nasema hivi kwa kumheshimu, kwa sababu yeye alikuwa mkubwa kuliko hiyo michezo.

Mimi niliichukia. Nikaitolea darasa zaidi ya mara moja. Hoja zangu hazikuwa za uongo: matusi yamo, mavazi yasiyo na stara yamo, na Mtume wetu (S.A.W.) amemkemea vikali anayesema uongo ili kuchekesha watu. Siku moja nilimkuta mwanafunzi wangu, kijana wa miaka kumi na moja hivi, amebeba sidii moja ndani ya mfuko wa juzuu. Nikaitoa, nikaivunja mbele ya wenzake, nikarusha vipande jaani. Kijana hakulia. Alitazama chini tu. Nami nilirudi nyumbani nimejiridhia nafsi yangu.

Mwezi wa Julai mwaka 2012 nilipigiwa simu na binti wa ndugu yangu. Akaniambia, "Baba mdogo, baba ana uvimbe kooni. Wametuambia twende KCMC." Hospitali hiyo iko Moshi, na kutoka kwangu ni safari ya gari ya saa moja na nusu hivi. Nilikwenda. Nilimkuta mtu niliyemjua kwa mabega mapana amekuwa mwembamba, na shingoni ana kitambaa. Ilikuwa saratani, na sauti ilikuwa imekwisha kwenda. Alipotaka kusema ilitoka pumzi tupu. Nikamwambia, "Kaka, utakaa kwangu Sekei, uwe karibu na hospitali." Hakuweza kukataa wala kukubali kwa mdomo. Akainamisha kichwa.

Basi tukawa nyumba moja tena, watu wawili ambao mmoja hawezi kusema na mwingine hajui aanze wapi. Mke wangu alimtandikia chumba cha mbele penye jua. Hakuweza kumeza kitu kigumu, na jirani yetu, mama mmoja wa Kimeru, ndiye aliyemfundisha mke wangu kupika mtori mwepesi wa ndizi, na maziwa akawa anatuletea mwenyewe kila asubuhi, Mungu amlipe. Nikampa ubao wa chuoni na chaki awe anaandika haja yake. Aliandika: "Maji." "Blanketi." "Saa ngapi?" Zaidi ya hayo hatukuwa na mazungumzo. Mchana tulikaa ukumbini tukitazama ukungu.

Siku ya tisa au ya kumi akaandika: "Una deki?"

Nikamwambia iko, watoto wanatazamia mawaidha. Akafuta, akaandika: "Majuto."

Msomaji, nilijitia sikuelewa. Akapiga mstari chini ya neno lile. Nikasema, "Kaka, hapa ni nyumba ya chuo, watoto huja kusoma." Akaweka ubao chini, akageuka ukutani. Usiku ule mke wangu akaniambia maneno machache, ambayo sitayaandika yote. Mojawapo lilikuwa hili: "Umemnyima ya zamani, na hii nayo unamnyima?" Mke wangu alikuwa akiijua habari ya mabati, na hakupata kunitajia hata siku moja kabla ya usiku ule.

Asubuhi nilimtuma mwanangu akakodi sidii tatu. Tukafunga mlango baada ya darasa, tukakaa. Mchezo wa kwanza ulikuwa mbovu, wallahi mbovu. Mtu anamfukuza mtu kuzunguka nyumba, na wanazunguka, na wanazunguka tena. Mimi nilikuwa nikitazama saa. Kisha nikasikia kochi linatikisika. Nikageuka. Ndugu yangu alikuwa anacheka. Sauti haikuwepo hata kidogo, mabega tu yanapanda na kushuka, machozi yanamtiririka, mkono ameushika kitambaa cha shingo. Na alipoona namtazama, akanyoosha mkono akanishika bega, kama vile alivyonishika Majestic mwaka 1970, asianguke.

Tukawa tunatazama kila siku baada ya alasiri. Nakiri kwamba nilianza kucheka nami. Kwanza nilicheka kwa kumwona yeye anavyocheka, baadaye sijui nilicheka nini. Kulikuwa na kijana mmoja wa huko kwetu, Sharo Milionea, ambaye alikuwa akitembea kwa madaha na kujishaua, na mzee Majuto akimtazama kwa jicho la kukata tamaa, na ndugu yangu alikuwa akinionyesha kwa kidole yule mzee kisha mimi, kwamba ndivyo ninavyowatazama wanafunzi wangu. Kweli ndivyo. Habari ikatoka nje, maana watoto husikia. Mzazi mmoja akanisimamisha njiani akaniuliza, kwa adabu lakini kwa uwazi, "Maalim, kwani kwako halali, na kwetu haramu?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwambia, "Nipe muda."

Nilirudi nikafikiri juu ya sahaba Handhala (R.A.), aliyeogopa kwamba amekuwa mnafiki kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume huiona Akhera kama kwa macho, na akirudi nyumbani hucheza na mkewe na wanawe akasahau; na Mtume akamtuliza kwamba moyo una saa hii na una saa ile. Nilikuwa nimeifundisha hadithi hiyo mara nyingi, lakini darasani mwangu saa ile ya pili nilikuwa nikiipita mbio. Sikusudii kutoa fatwa hapa, msomaji. Matusi ni matusi, na uchi ni uchi. Nasema tu kwamba nilikuwa nimehukumu kitu kizima kwa ubaya wa baadhi yake, na nilikuwa nimekihukumu bila ya kukaa karibu na anayekihitaji.

Sasa nifike penye shabaha. Ilikuwa mwezi wa Septemba. Mchezo wenyewe jina silijui, jalada lilikuwa limechanika. Majuto ni mzee bahili. Jirani anakuja kudai fedha zake, alimkopesha siku nyingi. Mzee anajitia hakumbuki. Anauliza, "Karatasi iko wapi?" Karatasi hapana. "Shahidi yuko wapi?" Jirani anatazama huku na huku, kisha anamnyooshea kidole: "Shahidi ni wewe mwenyewe!" Na mzee anageuka nyuma, anatafuta ni nani huyo aliyeko nyuma yake anayeonyeshwa. Jogoo akawika, na nusu ya maneno yaliyofuata hayakusikika.

Ndugu yangu alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya koo lake. Mimi pia kicheko kilinianza, kikafika hapa kifuani kikakwama. Nilihisi kovu la kiganja changu. Nikamtazama. Hakuwa ananiangalia kwa hasira wala kwa kunisuta, alikuwa anafuta machozi tu na macho yake yako kwenye televisheni. Sijui mpaka leo kama alikuwa na kusudi lolote. Nadhani hakuwa nalo. Nikasimama nikasema naenda kutawadha, na udhu nilikuwa nao.

Miaka thelathini nimesomesha mirathi. Mtoto yeyote wa darasa langu ukimwamsha usiku atakuambia: kwanza mazishi, kisha madeni, kisha wasia, kisha ndipo mafungu. Na shahidi wa deni lile nilikuwa mimi. Nililibeba kwa mikono hii. Mbele ya wazee niliuliza shahidi yuko wapi kama ninauliza jambo nisilolijua, kwa kuwa nilikuwa mrithi pia, na deni lingepunguza fungu langu. Yeye mwaka 1970 alitoa ushahidi uliomletea viboko visivyo vyake. Mimi mwaka 1998 nilinyamaza kwa sehemu ya bei ya mabati.

Usiku sikulala. Baada ya alfajiri niliingia chumbani kwake, nikakaa chini mkekani. Nikamwambia, "Kaka, mabati niliyabeba mimi. Nilikuwa nakumbuka siku ile mbele ya wazee. Sikusahau hata siku moja." Akanyamaza, kwani angefanyaje. Kisha akaomba ubao. Aliandika polepole, nikadhani anaandika maneno marefu, akanigeuzia: "Yameshaota kutu."

Tulicheka, msomaji. Mke wangu alikuja mbio akidhani kuna msiba.

Lakini sikumwacha aliepuke kwa mzaha. Nilimpigia simu dada yetu Tanga, nikamweleza yote, akasema, "Mimi nilikuwa nangoja useme." Nikamwuliza mwenzangu mmoja aliyenizidi elimu, akanihesabia: deni lingetolewa katika nyumba nzima, kwa hiyo lilimpata kila mrithi kwa fungu lake, yeye mwenyewe mawili ya tano, mimi mawili ya tano, dada moja la tano. Nikaamua nibebe fungu la dada pia, kwa kuwa hakukana yeye, nilikana mimi. Nikaenda mjini kwa muuza vifaa vya ujenzi nikauliza bei ya bati siku ile, bati jipya, si la kutu. Fedha sikuwa nazo zote, nikauza ng'ombe. Ndugu yangu alizipokea, akaandika jina la binti yake, nami nikampelekea.

Mfuko wangu ulipokuwa bado wazi nikamkumbuka kijana wa sidii. Alikuwa amekuwa mkubwa, anafanya kazi gereji. Nikamwuliza ile sidii ilikuwa yake? Akacheka kwa haya. "La, maalim, ilikuwa ya kukodi. Mama aliilipa." Mama yake alikuwa akiuza vitumbua. Nikaenda kwake mwenyewe, nikampa haki yake na kumwomba radhi. Akasema, "Maalim, yale yamepita," lakini fedha alizichukua, na nilifurahi kuwa alizichukua. Na mzazi yule aliyeniuliza njiani nilimfuata pia, nikamwambia nilichokitambua. Darasani nikalisema waziwazi, na halikuwa jambo jepesi. Wako wazazi wawili waliowahamisha watoto wao.

Tarehe 26 Novemba mwaka ule, Sharo Milionea alifariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza, karibu na kwao, hali ni kijana wa miaka ya ishirini. Asubuhi tukaisikia redioni. Wanangu walilia. Ndugu yangu akaandika: "Mtoto wa Muheza. Msomee." Mimi niliyekuwa nikimtaja darasani kwa mwendo wake na nywele zake, nilinyanyua mikono nikamwombea maghufira, na ndugu yangu akaitikia amin kwa midomo isiyotoa sauti.

Mwezi wa Desemba akaandika kwamba anataka kwenda nyumbani. Hospitali ilikuwa imekwisha tuambia kilichobaki. Tukakodi gari, tukateremka Moshi, Same, Mombo, Korogwe, safari ya zaidi ya kilomita 400, na tulipopita Muheza aligonga kioo kwa kidole, akanitazama. Tukamlaza katika nyumba ya baba, chumba cha uani. Usiku wa tatu mvua ilikunyesha, mvua ya Tanga ile, na mabati yakaanza kulia. Yakavuja mahali pawili. Dada akaleta ndoo. Ndugu yangu akainua kidole akaonyesha tundu la juu, kisha akanionyesha mimi, mabega yakatikisika. Alifariki siku mbili baadaye, baada ya swala ya adhuhuri. Mungu amrehemu na amsamehe, na anisamehe mimi.

Mzee Majuto naye alitangulia mbele ya haki tarehe 8 Agosti 2018, katika hospitali ya Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Sikupata kumwona kwa macho hata mara moja.

Zile sidii ziko bado, nilizinunua kwa mwenye kibanda zisirudi kukodishwa. Deki ilikufa zamani na hakuna anayeitengeneza tena. Julai iliyopita, ukungu umeshuka kama kawaida yake, mjukuu wangu alikaa nami ukumbini na simu yake, nikamwuliza kama michezo ya Majuto yaweza kupatikana humo. Akaipata mingi sana. Tukatafuta muda mrefu ule wa bahili na deni, na hatimaye tukaupata. Mjukuu akautazama mpaka mwisho kwa adabu, hakucheka hata kidogo. "Babu," akaniambia, "huu mbona haueleweki? Na jogoo amewika, hata hasikiki anasema nini." Nikamwambia aurudishe nyuma kidogo, pale kabla ya jogoo, na aisogeze simu karibu, maana macho yangu si mazuri.